Tega Kipande, Taja Ndege

Kitendawili!

Tega.

Madirisha yangu ni pembetatu, lakini hayana ncha.

Ukijibu "Sud Aviation Caravelle" umetegua. Ndege hiyo ya Ufaransa iliruka mara ya kwanza tarehe 27 Mei 1955, na madirisha yake ya abiria yalichongwa kwa umbo la pembetatu iliyolainishwa pembe zote. Anayelijua umbo hilo hahitaji kuona bawa, mkia wala jina lililoandikwa ubavuni. Mkatie dirisha moja kutoka kwenye picha kubwa, umpe, atakutajia ndege nzima.

Huu ndio mchezo ninaokualikia. Mmoja huchukua picha ya ndege isiyojulikana sana, akakata kipande, akakitega mbele ya wenzake. Anayekitegua ndiye anayetega kinachofuata. Wakishindwa wote, mtegaji anadai mji kama ilivyo desturi ya vitendawili, ila kwetu mji unaotolewa lazima uwe na kiwanja cha ndege. "Nipe mji." "Chukua Songea." "Nimefika Songea, nimekaribishwa, na ndege yenyewe ni..." Tunacheza hivi watu sita, Jumamosi jioni, kwa picha zilizochapishwa na kugeuzwa kadi. Mdogo wetu kuliko wote ni binti wa dada yangu, ana miaka kumi na mitatu, naye ndiye aliyenifundisha kanuni ambayo sasa nadhani ndiyo mchezo wenyewe. Nilikuwa nimekwisha taja jina kwa haraka, akasema, "Mjomba, umejuaje?" Sikuwa na la kumjibu. Tangu siku hiyo mezani kwetu jina lisilo na sababu halihesabiwi, hata likiwa sahihi.

Kanuni hiyo inamfunga mtegaji pia. Ikiwa anayejibu anadaiwa sababu, basi kipande lazima kiwe na sababu ndani yake. Kipande cha bati jeupe lenye misumari kumi kinaweza kutoka kwenye ndege mia, na anayekitega anawatesa wenzake bure.

Macho yaanzie wapi

Kutambua ndege kwa dalili ndogo hakukuanza kama mchezo. Tarehe 6 Septemba 1939, siku tatu baada ya Uingereza kuingia vitani, Spitfire za Waingereza zilizishambulia Hurricane za Waingereza wenzao mashariki mwa London. Hurricane mbili zilitunguliwa, na rubani Montague Hulton-Harrop akafa kwa risasi za jeshi lake mwenyewe. Makosa ya asubuhi ile yalikuwa mengi, mengine ya mawasiliano, lakini mojawapo lilikuwa la macho. Vita vilipoendelea, kutambua ndege likawa somo kamili. Waangalizi wa Royal Observer Corps walijifunza kwa kadi za vivuli vyeusi, na mwaka 1941 Uingereza ikawa na jarida zima la kazi hiyo, The Aeroplane Spotter.

Wamarekani walifundishwa kutazama kwa mpangilio: kwanza mabawa, halafu injini, kisha kiwiliwili, mwisho mkia. Mwanasaikolojia Samuel Renshaw wa Ohio State University aliuona mpangilio huo kuwa wa polepole mno. Yeye aliwazoesha wanamaji kuiona ndege nzima ikimulikwa ukutani kwa sehemu ndogo ya sekunde, maana adui hakusubiri mtu amalize kuhesabu injini zake. Vitani Renshaw alikuwa na haki. Kwetu sisi mpangilio wa zamani ndio unaofaa, kwa kuwa muda tunao na ndege nzima hatuna.

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko tunavyotambua. Tumeita chombo hiki jina la kiumbe arukaye, tukitofautisha kwa sarufi tu: ndege huyu ana manyoya, ndege hii ina injini. Kwa hiyo viungo vyake tayari tunavijua: pua, kifua, tumbo, mabawa, mkia, miguu. Kibao kinachosimama mkiani kiite pezi, kama la samaki. Kinachozunguka mbele ya injini ni panga boi. Kabla ya kuanza kucheza, kubalianeni majina haya, kwa sababu nusu ya ubishi mezani hutokana na watu wawili kuita kitu kimoja kwa majina mawili.

Kisha, kipande kikiwekwa mbele yako, usikimbilie jina. Jiulize hiki ni kiungo gani, ni cha upande wa kulia au wa kushoto, na pua iko upande gani. Ukishajua hayo, tafuta mahali viungo viwili vinapokutana. Hili ndilo shauri langu kubwa kuliko yote: tazama maungio kabla ya viungo. Bawa peke yake linafanana na mabawa mengine, na injini mara nyingi ni ileile iliyouzwa kwa viwanda vitano. Lakini jinsi injini ilivyofungwa kwenye bawa, jinsi mguu ulivyotoka tumboni, jinsi bawa dogo la nyuma lilivyokaa kwenye pezi, hapo kila mchoraji wa ndege aliamua kivyake.

Chukua injini ya Rolls-Royce Dart. Ni nyembamba na ndefu, na katika miaka ya 1950 na 1960 ilifungwa kwenye Vickers Viscount, Fokker F27, Hawker Siddeley 748, Handley Page Herald na YS-11 ya Japani. Mtu akikukatia pua ya Dart tupu, hana haki ya kudai mji wako. Akikuachia kidole kimoja tu cha bawa, mambo yanabadilika. Kwenye F27 bawa liko juu ya kiwiliwili na injini inaning'inia chini yake. Kwenye 748 bawa liko chini, na injini imepandishwa juu ya bawa kama mzigo kichwani. Ukiona Dart mbili zimepangwa kwenye bawa moja la chini, hapo ndege ina injini nne, nawe uifikirie Viscount. Wazee waliosafiri na East African Airways wataikumbuka F27 kwa madirisha yake makubwa ya yai, na kwa bawa lililowafunika jua.

Madirisha ni hazina yake peke yake. Boeing 707 na Douglas DC-8 zilizaliwa kipindi kimoja, zote zina injini nne chini ya mabawa, na kwa mbali mtu huzichanganya. Kata madirisha matatu tu: ya 707 ni madogo na yamekaribiana, ya DC-8 ni makubwa na yameachana. Kwenye de Havilland Comet dirisha linakwambia hata umri. Comet za kwanza, zilizoanza kubeba abiria Mei 1952, zilikuwa na madirisha yanayokaribia mraba. Baada ya ajali za 1954 na uchunguzi ulioonyesha metali iliyochoka ikipasuka kuanzia kwenye matundu ya kiwiliwili, Comet zilizofuata zilipewa madirisha ya mviringo. Comet 4 zilizofika kwetu mwaka 1960, kwa East African Airways, zilikuwa za kizazi hicho cha pili.

Pua nayo hudanganya, usisahau. Caravelle niliyoanza nayo iliundwa kwa kutumia pua ya Comet, na chumba chake cha marubani. Ukipewa pua peke yake, ya Ufaransa na ya Uingereza ni mapacha. Jibu la haki hapo ni kusema, "Ni moja kati ya mbili, niongezee kipande."

Anza na unazopanda

Usianze na maajabu ya makumbusho. Anza na ndege zinazotua karibu nawe, hadi uweze kuzitaja kwa mguu mmoja.

ATR 72 na Dash 8 zinafaa kuwa darasa la kwanza. Zote zina mabawa juu na panga boi mbili, na abiria wengi wa Mwanza, Kigoma au Kisumu wamepanda mojawapo bila kuuliza ni ipi. Tazama miguu. Ya Dash 8 ni mirefu, inashuka kutoka kwenye injini na kukunjwa humohumo. Ya ATR ni mifupi, imetoka kwenye uvimbe ulio kando ya tumbo. Tazama mlango: abiria wa Dash 8 hupandia mbele kushoto, wa ATR hupandia nyuma kushoto, na mlango ulio mbele ni wa mizigo. Tazama mkia: bawa dogo la Dash 8 limekaa kileleni kabisa mwa pezi, la ATR limeshuka kidogo na kuacha ncha ya pezi ikichungulia juu yake. Hizo ni dalili tatu, na yoyote kati yake inafaa kuwa kipande cha kutega.

Baada ya hizo njoo kwenye ndege ndogo. Cessna Caravan ina bawa juu lililoshikiliwa na nguzo moja kila upande, na bomba moja nene la moshi kwenye pua, upande wa kulia. Pilatus PC-12 bawa lake liko chini, na mabomba ya moshi ni mawili, kila shavu moja. Kipande cha shavu la kushoto bila bomba si PC-12. Britten-Norman Islander, ndege ya Uingereza ya 1965, ina miguu isiyokunjwa inayoshuka wima kutoka nyuma ya injini zake mbili, kila mguu na magurudumu mawili. Ukiuona mguu huo mara moja, utautambua hata ukikatwa gotini.

Walio Goma, Bukavu au Bujumbura wana shule nzuri kuliko sisi wa pwani, kwa kuwa ndege za Mashariki ya Ulaya zimefanya kazi sana upande huo. Let L-410 ya Czechoslovakia ina uvimbe wa magurudumu kando ya tumbo, na nyingi zina matangi ya mafuta kwenye ncha za mabawa, kama mtu aliyeshika ndoo mbili. Antonov An-26 ina dirisha lililofura kama jicho upande wa kushoto wa pua, ambalo upande wa kulia halipo. An-32 ni jamaa yake, lakini injini zimeinuliwa juu ya bawa ili zibebe panga boi kubwa zaidi. Ukipewa kipande chenye bawa na injini, swali la kwanza ni hilo: injini iko juu ya bawa au imeliweka bawa juu yake?

Usiku wa injini nne

Kuna kipande kimoja kilichonifundisha kuliko vitabu. Mwenzetu alitega picha nyeusi na nyeupe: ubavu wa nyuma wa ndege, injini mbili zimebanwa pamoja kama bunduki ya mitutu miwili, na nyuma yake mzizi wa pezi. Nilijibu palepale: Vickers VC10. Sababu nilikuwa nayo. Injini mbili nyuma kila upande ni jambo la nadra, na VC10 ndiyo niliyokua nayo katika hadithi za nyumbani.

Kwa mtu wa Afrika Mashariki, VC10 si ndege ya kigeni. Ilibuniwa kwa ajili ya viwanja kama vya Nairobi, vilivyo juu na vyenye joto. Kiwanja chake cha Embakasi kiko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa nyepesi huinyima ndege nguvu ya kunyanyuka. Ndiyo maana injini zote nne za Rolls-Royce Conway zilipelekwa nyuma: bawa likabaki safi, na nafasi yake yote ikatumika kwa vibawa vya kusaidia kuruka na kutua. Iliruka mara ya kwanza tarehe 29 Juni 1962. East African Airways, shirika la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania, lilinunua tano za aina ndefu, Super VC10, na usajili ukagawanywa kwa nchi tatu, nyingine 5X, nyingine 5Y, nyingine 5H. Moja ilipotea katika ajali ya Addis Ababa mwaka 1972. Shirika lilipovunjika mwaka 1977, nne zilizobaki zilirudi Uingereza, zikageuzwa kuwa za kujaza mafuta ndege nyingine angani, na VC10 zilitumika katika jeshi la anga la nchi hiyo hadi Septemba 2013.

Yote hayo nilikuwa nayajua, na jibu langu lilikuwa kosa. Ndege ilikuwa Ilyushin Il-62 ya Urusi. Mpangilio ni uleule: injini nne nyuma, bawa dogo kileleni mwa pezi. Lakini kwenye ukingo wa kipande, chini kabisa, ilionekana sehemu ya makali ya mbele ya bawa, na makali hayo yalikuwa na jino. Il-62 ina mkato kwenye ukingo wa mbele wa bawa, kama kisu kilichopigwa jiwe. VC10 haina. Kama kipande kingeshuka kidogo nyuma, ningeona pia kijiguu chembamba chenye magurudumu madogo chini ya mkia. Il-62 hukisimamisha ikiwa imeegeshwa, ili uzito wa injini usiiangushe chali ikiwa tupu.

Nilikuwa nimetazama kitu kikubwa katikati ya kipande na kuacha kitu kidogo pembeni. Sasa nina zoea moja, nakushauri ulichukue: kabla ya kusema neno, zungusha jicho kwenye kingo nne za kipande. Mtegaji mwenye akili huweka mtego katikati na ufunguo ukingoni.

Tena jiulize ni ndege zipi nyingine zenye mpangilio huo, hata kama moja imekujia mara moja. Kwa injini nne nyuma iko ya tatu, Lockheed JetStar ya Marekani ya 1957. Hiyo ni ndogo, ya matajiri na wakubwa wa serikali, bawa lake dogo limekaa katikati ya pezi, na mabawani imebeba matangi mawili manene. Kutaja watahiniwa wote kisha kuwaondoa mmoja mmoja ndiko kutegua kwa kweli. Mezani kwetu anayesema "si hii kwa sababu hii, wala si ile kwa sababu ile" hupewa heshima hata akiishia pabaya.

Ukiwa mtegaji

Tafuta picha nzima iliyo wazi, ukijua kwa hakika ni ndege gani. Usitege usichoweza kukithibitisha. Kata vipande vitatu vya picha ileile: cha kwanza kigumu, cha pili kinachoongeza ungio moja, cha tatu kinachoonyesha karibu nusu ya ndege. Anayetegua kwa kipande cha kwanza anapata alama tatu, kwa cha pili mbili, kwa cha tatu moja. Funika maandishi na namba ya usajili, isipokuwa ukiamua kuacha herufi za nchi kama msaada: 5H Tanzania, 5Y Kenya, 5X Uganda, 9U Burundi. Tangaza mapema jibu unalolitaka lina undani gani. Kama "Antonov" haitoshi na unataka "An-26", sema kabla, si baada ya mtu kujibu.

Kamwe usigeuze picha kulia kuwa kushoto. Wapo wanaodhani huo ni ujanja. Ni udanganyifu, kwa sababu ndege nyingi hazilingani pande mbili. Ukigeuza, bomba la Caravan linahamia kushoto, jicho la An-26 linahamia kulia, mlango wa ATR unahama, na mwenzako aliyesoma vizuri anaadhibiwa kwa kusoma vizuri. Kubadilisha rangi kuwa nyeusi na nyeupe ni halali. Kuitia picha ukungu si halali, maana unaondoa sababu na kubakiza bahati.

Baada ya wiki kadhaa utataka ndege za ajabu zaidi, na historia imejaa hizo. Blohm & Voss BV 141 ya Ujerumani, ya 1938, ilikuwa na injini na mkia kwenye kiwiliwili kimoja, na marubani kwenye chumba cha vioo kilichofungwa pembeni, upande wa kulia. Kipande chake humfanya mtu adhani picha imeharibika. Airtruk ya kampuni ya Transavia, Australia, ilinyunyizia dawa na mbolea mashambani. Ina mikia miwili isiyoungana, ili gari la mbolea liingie kinyumenyume katikati yake na kuijaza. Wapoland walitengeneza PZL M-15, ndege ya mashambani yenye mabawa mawili ya ghorofa na injini ya jeti, jambo ambalo mtu haamini hadi aone picha. Edgley Optica ya Uingereza, ya 1979, ina kichwa cha vioo vitupu kama jicho la kereng'ende, na panga boi lake limefichwa ndani ya pete nyuma ya abiria.

Mtego ninaoupenda kuliko yote ni Carvair. Ni Douglas DC-4 ya zamani iliyoongezwa pua mpya, marubani wakapandishwa ghorofani ili magari yaingizwe kwa mbele. Ziliundwa 21 tu, ya kwanza ikaruka mwaka 1961. Kata nundu ya chumba cha marubani peke yake, na wote mezani watasema Boeing 747, ndege iliyokuja kuruka miaka minane baadaye. Lakini ukifanya hivyo, acha ukingoni ncha ya panga boi. Bila ncha hiyo umewaonea.

Adabu ya meza

Simu zikae mfukoni. Leo simu inaweza kupewa kipande ikatoa jina kabla chai haijapoa, na hapo mchezo umekwisha. Baada ya jibu kutolewa, simu zitoke, kila mtu atazame picha nzima na asome juu ya ndege hiyo. Dakika hizo kumi ndizo zinazobaki kichwani.

Mtegaji aruhusu maswali ya ndiyo na siyo, tuseme matano. "Ilibeba abiria?" "Iliruka kabla ya 1945?" Mgeni apewe maswali kumi. Mtoto asicheleweshwe kwa kusahihishwa matamshi ya majina ya Kirusi. Akionyesha kwa kidole dalili sahihi, amepata. Na anayejua sana asijibu kila mara wa kwanza. Kwetu aliyetegua mara mbili mfululizo hunyamaza raundi inayofuata, akawasaidia wengine kuuliza maswali mazuri.

Weka daftari. Kila ndege uliyoshindwa, chora kwa penseli ile dalili iliyokuponyoka, hata kama mkono wako si wa mchoraji. Mkono ukishalichora jino la Il-62, jicho halilipiti tena. Picha utazipata kwenye kalenda za zamani za mashirika ya ndege, majarida yaliyochakaa, albamu za wazee waliofanya kazi viwanjani. Omba ruhusa ya kuzipiga nakala, na muulize mwenye albamu hadithi ya kila moja. Mzee mmoja jirani yangu aliyekuwa fundi alinionyesha picha ndogo ya mguu wa ndege uliojaa matope, akaniambia ni ya siku gani na mvua ilikuwa vipi. Kadi hiyo hatujaitega. Tunaitunza.

Ukitaka kupiga picha zako mwenyewe, uliza kwanza. Viwanja vyetu vingi vinatumiwa pia na majeshi, na kamera inayoelekezwa uzioni inaweza kukuletea matatizo makubwa. Piga ukiwa abiria mahali panaporuhusiwa, au mwombe mwenye ndege ndogo. Wengi wao hufurahi mtu akiipenda ndege yao.

Basi keti na watu watatu, mkate picha tano, mwanze Jumamosi hii. La kuanzia nakupa mimi.

Kitendawili! Nina panga boi tatu: mbili mabawani, ya tatu imepachikwa kwenye pezi la mkia. Bawa langu liko juu, miguu yangu haikunjwi, na ndugu yangu mwenye injini mbili ametajwa humu. Ukishindwa, nipe mji wenye kiwanja.